Ushuhuda wa Mama Valerie

Mwaka ule mvua ya El Nino ilipokatika, fisi Oyoo aliokoka. Aliokokea kwenye kanisa la mbuzi, hema la turubai kando ya barabara ya Namanga pale Kitengela, na tangu siku hiyo hakugusa nyama. Mkewe, Namalwa, ambaye majirani walimwita Mama Valerie, alidhani ni ujanja wa mwindaji, akamsifu moyoni. Baada ya wiki kadhaa za sukuma wiki ndipo alipotambua kwamba balaa lile ni la kweli. Mumewe alikuwa ameokoka hadi magegoni.

Kila Jumapili Oyoo alisimama mbele, akaungama alivyowala mbuzi wa watu: shangazi wa huyu, shemeji wa yule. Waumini walilia kwa furaha. Walitoka Isinya, wengine Tuala, kuja kusikia jinsi alivyomtafuna marehemu mama yao. Namalwa aliketi nyuma akidondokwa na mate.

Lakini dhambi nazo huisha. Kufikia mwezi wa sita Oyoo alikuwa anarudia.

"Huyo ulishamla Pasaka," akasema Gathoni, mbuzi mzee wa kanisa, akipiga mwayo.

Waumini wakahamia Isinya, ambako chatu alikuwa ameokoka juzi tu, na ushahidi ungali tumboni.

Jumamosi moja Pasta Wanyoike, beberu mwenye ndevu za heshima, akaja kuwatembelea. Alikunywa chai, akasifu sukuma, kisha akakohoa.

"Brother Oyoo, hata Daudi alianguka. Wewe pia ungeanguka kidogo. Mara moja tu, ndio uinuke na ushuhuda mpya."

"Nimle nani, Pasta?"

"Kamati imependekeza Mzee Maina. Siku hizi haji hata maombi ya Jumatano."

Oyoo akasema heri afe njaa, akaingia chumbani kumwombea pasta.

Namalwa akamwongezea mgeni chai. "Lakini Pasta, lazima iwe Baba Valerie? Mimi hata sijaokoka bado. Niko na nafasi mingi ya kuanguka."

Pasta akacheua, akafikiria. Ushuhuda wa mama, alikiri, hugusa watu zaidi. "Kanisa liko nyuma yako, Mama Valerie," akasema, akainuka kwenda. Namalwa akamsindikiza kama adabu inavyotaka, mpaka langoni, na hata akapita lango kidogo.

Kesho yake hema lilijaa hadi nje. Wa Isinya walirudi wote. Namalwa alisimama mbele, mashavu yaliyokondeshwa na sukuma yameanza kujaa tena, akashika maikrofoni. Alipofika pale pasta alipouliza kama kamati inajua, aliacha kusimulia, akalamba midomo. Oyoo alijifunika uso.

"Endelea, dada," akasema Gathoni, akipangusa machozi. "Usiruke kitu. Ulianzia wapi?"

Akawaeleza alipoanzia. Hema zima likasema amina. Kisha kamati ikatangaza kwamba kazi ya pasta iko wazi, na mabeberu wakasukumana kwenda mbele.