Ramona Hakufa Ijumaa

Miaka thelathini na moja nimelia kwenye redio. Nimelia kama mke aliyeachwa, nimelia kama mama mkwe, nimelia kama kichanga, na mwaka ule kanda yetu ya sauti za wanyama ilipoharibika, nililia hata kama mbwa. Hapa Iloilo, mji wetu huku Ufilipino, ukimtaja Loreng watu watakuuliza Loreng gani. Mtaje yule mama anayelia redioni saa saba mchana, hata muuza samaki ataacha kupara. Kwa hiyo Rodel, mwandishi wetu, aliponiletea mswada mpya na kuniambia, kwa heshima ya dada mkubwa, "Manang, safari hii nimeandika kuhusu watu kama nyinyi," niliupokea kwa mikono miwili.

"Kama sisi akina nani? Wanaolia?"

"Ah, Manang, si unajua tu." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Watu waliobadilishwa."

Rodel ana miaka ishirini na sita, kijana mzuri, hana baya na mtu, na ndiyo maana hasira yangu ilikosa pa kutua. Nilimwambia mimi sikubadilishwa, mimi si balbu. Nilizaliwa mwanamke, ila nimechelewa kuaminiwa. Akacheka, akaandika kwenye daftari, eti litamfaa.

Nikasoma. Mhusika ni Ramon, "mwanamume aliyegeuzwa mwanamke", ambaye sasa anajiita Ramona. Hadithi inaanza daktari akimfungua bendeji usoni, naye anadai kioo. Jamani! Bendeji usoni, kwani walimfanyia operesheni ya pua? Kila anayekutana naye anamuuliza habari za operesheni, hakuna hata mmoja anayemuuliza kama amekula. Na kila baada ya kurasa mbili msimulizi anatukumbusha kwamba hapo zamani alikuwa dume, tusije tukasahau. Ramona mwenyewe angechezwa na Oging, mwanamume mwenye sauti ya pipa, ajibane koo ili wasikilizaji wavunjike mbavu.

"Na mimi?"

"Wewe mama yake, Manang. Nani mwingine anaweza?"

Nikachukua kalamu. Siku tatu nilikaa na Rodel kwenye kibanda cha supu ya tambi ng'ambo ya barabara nikimfutia maneno. Dume, futa. Aliyegeuzwa, futa. Jina lake ni Ramona, basi mwite Ramona, msimulizi naye ana adabu au hana? Rodel alikubali yote, tena kwa shukrani. Aliniambia maneno yale hakuyatunga yeye, ameyakuta kwenye miswada ya zamani.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Kituoni kwetu mswada haufi. Ukishatangazwa unawekwa kabatini, miaka ikipita unatolewa, majina yanabadilishwa, barua inakuwa simu, farasi anakuwa pikipiki, kazi inaendelea. Nimeolewa na bwana yuleyule mara nne kwa majina manne, na sijawahi kulalamika.

"Sehemu ya mwisho tu usiiguse," Rodel akasema. "Mdhamini ameshaipitisha. Hii ilipendwa sana zamani, Manang, watu walilia nchi nzima."

Niliifungua, na kabla sijamaliza mstari wa pili nikajua. Niliijua kila neno.

Mwaka wa themanini na tatu nilikuwa na miaka kumi na sita, nywele zangu zimefika mabegani. Mimi na mama yangu, Nanay Pacing, tulikuwa tumekaa jikoni kwetu Guimbal tukichambua mchele, redio juu ya kabati. Yule mhusika, wakati huo akiitwa Carlito, alikufa mvuani kwenye ngazi za kanisa. Mama yake akamkuta, akasema, "Sasa umerudi kuwa mwanangu wa kiume." Akamkata nywele, akamvika barong, lile shati jeupe la nyuzi za mnanasi ambalo wanaume huvaa harusini na kwenye jeneza. Kengele ya kanisa ikalia, mchezo ukaisha.

Nanay akazima redio. "Umesikia, Toto?" akasema. Huku kwetu Toto ni mtoto wa kiume, wa kike tunamwita Inday. Kisha akaenda kuchukua mkasi. Nilikaa pale pale kwenye kigoda, akanikata nywele zote, nami sikusema kitu. Mpaka leo kunyamaza kwangu kule kunaniuma kuliko nywele zenyewe.

Sitaki mtu amwone Nanay mkatili. Zilipoota tena hakuzigusa. Kila Jumapili tunazungumza kwenye simu, ananiuliza shinikizo la damu, namuuliza miguu. Lakini alipofika umri wa kujiwekea nguo za kuzikiwa, alitia kashani gauni lake la kahawia, na chini yake akatia barong yenye kipimo changu. "Ukiwa hai fanya utakavyo," aliniambia. "Siku ukifa utarudi ulivyokuja." Kaka yangu Nestor alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Nestor hajawahi kumkatalia Nanay jambo lolote, hata kunywa mafuta ya samaki.

Nami tarehe nane ya mwezi uliofuata nilikuwa nalazwa. Nilipomwambia Rodel kwamba nina operesheni, macho yalimtoka.

"Ile, Manang?"

"Ya nyongo, mpuuzi wee! Mawe!"

Daktari hakunificha. Umri wangu miaka hamsini na saba na presha yangu ni ya kupanda na kushuka, akasema niandae familia. Familia ilikuwa imeshajiandaa miaka mingi, barong ilikuwa kashani. Niliogopa, nasema kweli. Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kulala pale sebuleni siku tisa za matanga, watu wakicheza karata na kunywa kahawa, wakinitazama nimenyolewa, nami siwezi kujitetea.

Nikamwendea Manong Delfin, kaka mkubwa wa wote kituoni. Yeye ndiye mwongozaji, na tangu kituo kipungukiwe na watu, yeye huyo huyo ndiye mpiga sauti zote za mlango, mvua na kengele.

"Tubadilishe mwisho, Manong. Ramona asife."

"Akiishi watu watalia nini?"

"Kwani lazima walie? Wafurahi."

"Kucheka wameshacheka na Oging wiki tatu. Loreng, usiniharibie. Mtu wa namna hiyo mwisho wake ni ule, wasikilizaji wamezoea."

"Mtu wa namna hiyo si ndiye unakunywa naye kahawa kila asubuhi?"

Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kijiti cha ngoma.

Jioni ya Alhamisi alinipigia simu Talyang, jirani anayemtunza Nanay. Akaniambia Nanay anausikiliza mchezo kila siku, hataki mtu akohoe. "Leo amesema, kesho ndiyo mwisho, naujua huo. Amesema tu hivyo, Manang. Kisha akaniambia nilitoe kasha juani, nguo zisije zikashika ukungu."

Sikula chakula cha jioni.

Sisi hutangaza moja kwa moja, hakuna kurekodi. Tunasimama wote kuzunguka kipaza sauti, na kila ukurasa ukiusoma unauachia uanguke sakafuni, maana ukiukunja utasikika nchi nzima kama moto wa makuti. Sheria ni moja, ukurasa ulioanguka hauokotwi. Ijumaa hiyo Manong Delfin alikuwa anatikisa mchele kwenye ungo, mvua ikanyesha vizuri mno. Oging alikuwa ameshapiga kelele zake za kufa, amesimama kando yangu amefunga mdomo, maiti. Kengele ilikuwa mezani, tayari.

Ukurasa wangu wa mwisho ulikuwa mkononi. Mstari wa kwanza, Sasa umerudi kuwa mwanangu wa kiume. Nikauachia uanguke kabla sijausoma.

Manong Delfin aliufuata kwa macho mpaka chini. Sekunde ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Redioni ukimya wa namna hiyo ni ajali.

"Inday," nikasema. "Inday, fungua macho. Mama nimekuja."

Mvua ilisita kwenye ungo, kisha ikaendelea.

"Umelowa, utashikwa na homa. Hebu nizikaushe hizi nywele. Hakuna atakayezigusa, umenisikia? Hakuna mtu atakuja na mkasi hapa. Mimi mama yako ndiye nimesema." Sauti yangu ilipasuka. Watu wananisifu nalia vizuri; hapo sikuwa nalia vizuri, kamasi zilikuwa zinanitoka. "Amka twende nyumbani, Inday. Usiniachie mimi kazi ya kukuvisha."

Nikaishiwa maneno. Nikamtazama Oging. Oging ana mke, ana watoto watano, na wiki tatu alikuwa amelipwa kujibana koo. Akanitazama usoni. Kisha maiti ikakohoa.

"Nanay," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, nzito, bila kujibana. "Nina njaa."

Fundi mitambo nyuma ya kioo alishika kichwa. Manong Delfin alikuwa ameshanyanyua kengele. Aliishika hewani, akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, kisha akaiweka chini taratibu, akavuta bakuli lake la supu ya tambi la mchana, akaanza kugonga kijiko. Kwenye ngazi za kanisa, katikati ya mvua, bakuli limetoka wapi? Hakuna aliyeuliza.

Tulipotoka hewani alisema, "Jumatatu usije. Mdhamini atanipigia, na mimi sitaki uwepo." Nikamwuliza mpaka lini. Akasema hajui. Rodel alikuwa anaokota kurasa sakafuni, huku anasoma jumbe za wasikilizaji. Nusu walikuwa wanatutukana. Nusu walitaka kujua Ramona alikula nini.

Jumamosi nikapanda basi la Guimbal na mfuko wa biskocho, ile mikate yetu ya kukaushwa, maana Nanay hapendi mtu aje mikono mitupu. Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu imevimba, kasha limefunguliwa mbele yake. Nikachukua mkono wake, nikaugusisha kwenye paji la uso wangu, akaniombea baraka kama kawaida. Talyang alikuwa anapiga deki, akanisalimia haraka haraka, akatoka na ndoo.

"Yule mama jana aliongea sana," Nanay akasema.

"Ndivyo, Nanay."

"Mvua yote ile, yeye anahutubia. Angempa mtoto kitu cha moto kwanza."

"Hakuwa na kitu cha moto."

"Basi lile bakuli lilitoka wapi?"

Nikakaa kwenye kigoda. Akatafuna biskocho moja mpaka mwisho, akapangusa vipande kifuani, hana haraka. Nikasema, "Nanay, tarehe nane..."

"Nestor ameniambia. Tazama humo."

Nikainama kwenye kasha. Gauni lake la kahawia lilikuwa juu, limekunjwa na majani ya kuzuia nondo. Nikalinyanyua. Chini yake palikuwa na rozari, picha ya harusi yake, na ubao wa kasha.

"Lile shati liko kwa Talyang," akasema. "Nimemwambia alikate matambaa ya kupigia deki. Kitambaa gani hicho, hata maji hakinyonyi! Asubuhi nzima tunasukuma tu madimbwi."

Nilitazama sakafu. Kweli palikuwa na dimbwi mpaka mlangoni, na pembeni kipande cheupe cha mkono wa shati, kifungo chake bado kipo.

Nanay alifunga kasha mwenyewe, kwa mikono yake miwili, akaegemea nyuma.

"Sasa humu hamna nguo yako," akasema. "Kwa hiyo usife. Umesikia, Inday?"

Nikamwambia nimesikia, nikaenda jikoni kutafuta tambara linalonyonya maji.