Walipomshika Mguu Mama Gorpu

Kumi na mmoja walishasema kijana ameua. Aliyebaki ni Mama Gorpu, muuza mawese wa soko la Gbarnga, na mahakama ya huko haipokei neno la kumi na mmoja. Raia wote kumi na wawili wa jopo lazima waseme kitu kimoja, na mpaka wakiseme hawaendi kwao. Mchana wanafungiwa chumba chenye askari mlangoni, jioni wanapelekwa kulala nyumba ya serikali, na jamaa hawana ruhusa hata ya kuwapungia mkono. Hiyo ilikuwa siku ya ishirini na tatu.

Mshtakiwa, Mulbah, alikuwa mgema wa utomvu wa miti ya mpira. Mlinzi wa shamba alikutwa amekatwa panga, na shahidi alikuwa mmoja tu. Uso wa muuaji hakuuona. Aliona mgongo alfajiri, mtu ana ndoo mbili za utomvu kwenye mti wa begani, anachechemea. Na Mulbah anachechemea. Basi. Kwa hilo angenyongwa.

"Sasa hapo cha kufikiri ni nini?" akasema Mwalimu Nyanquoi, kiongozi wa jopo. "Mgema kiwete shamba zima ni yule mmoja."

"Mwalimu, umewahi kubeba zile ndoo?"

"Mimi nabeba chaki, mama."

Wakacheka. Mama Gorpu akawangoja wamalize.

"Marehemu mume wangu kazibeba miaka kumi na tisa. Miguu yake mizima kabisa. Lakini ndoo zikijaa, na mteremko una umande, anakwenda hivi." Akachukua ufagio, akauweka begani, akayumba nao mpaka dirishani. "Asubuhi wagema wote viwete. Ikifika saa nne wamepona."

Safari hii hawakucheka. Lorpu, binti aliyeacha mtoto mchanga nyumbani, aliinamisha uso. Maziwa yalikuwa yamemlowesha nguo kifuani.

"Huenda unasema kweli, mama," akasema. "Lakini mwanangu ananyweshwa maji ya mchele. Mimi nataka kwetu."

"Na Mulbah hataki kwao?"

"Mulbah sikumzaa mimi."

"Mama Gorpu kapata mchumba," akasema Mwalimu. "Tuambie tu, mahari tutachanga."

"Changa akili kwanza, Mwalimu. Mahari baadaye."

Hapo ndipo Mzee Kollie aliposimama. Alikuwa na umri wa kumzaa Mama Gorpu, na tangu wafungiwe pumu ilikuwa haimpi usingizi. Wakadhani anakwenda kunywa maji. Akaja mbele ya Mama Gorpu, akapiga magoti, akamshika mguu.

"Mzee, la! Usinifanyie hivi. Inuka!"

"Siinuki, mwanangu. Nakuomba. Nitafia humu ndani."

Lorpu naye akapiga magoti. Mwingine tena. Mwisho Mwalimu akakunja suruali yake, akashuka.

Kwa watu wa kule, aliyekushika mguu amekwisha kukufunga. Hata kama alikuchomea nyumba, unamwinua, na ukimwinua umemkubalia ombi lake, neno limekwisha, halifukuliwi. Ukimwacha chini, tena mtu wa rika la baba yako, laana yake haiishii kwako. Na Mama Gorpu alikuwa na wajukuu saba.

Alijua vizuri kwamba mguu hushikwa kwa kosa la mtu na mwenzake. Haya hayakuwa makosa aliyokosewa yeye hata ayasamehe. Shingo ilikuwa ya Mulbah. Alijua, akasimama palepale, akiomba moyoni wachoke wainuke wenyewe. Hawakuchoka. Kifua cha mzee kilipiga mluzi, pumzi baada ya pumzi, na mkono wake juu ya mguu ulikuwa wa baridi.

Mama Gorpu akainama, akamshika mzee makwapani, akamwinua.

"Mungu akubariki," mtu akasema. Mwalimu alikwisha fika mlangoni, anagonga.

Mahakamani karani aliwaita kwa majina, kila mmoja aulizwe kama hilo ndilo neno lake kweli. Mama Gorpu alikuwa wa mwisho. Alijiambia, mlango mmoja umebaki wazi, kusema hapana hapa mbele ya jaji. Wenzake kumi na mmoja wakaitikia. Mulbah alikuwa amegeuka kumtazama yeye. Kiingereza cha mahakama hakukielewa, alikuwa na Kikpelle chake tu, lakini katika wiki tatu alikwisha tambua ni nani kati ya wale humtazama usoni. Akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwamkia shangazi.

"Na wewe, mama? Ndilo neno lako?"

Pembeni yake Mzee Kollie akakohoa.

"Ndiyo."

"Sema kwa sauti, jaji asikie."

"Ndiyo!"

Mkalimani alipoinama kwenye sikio lake, Mulbah alikuwa bado anamwitikia kwa kichwa.