Chumvi Kabla ya Mizani

Bi Holcomb, mama wa mchumba wangu Dewey, alitoa sharti: harusi hakuna mpaka familia yetu ipate cheti cha ubora. Mwaka ule, 1924, madaktari walifungua banda kwenye maonyesho ya kilimo hapa Kansas, katikati ya ng'ombe na nguruwe, wakipima familia na kuzipa madaraja. A ndiyo damu bora. Aliye chini ya B, alisema Bi Holcomb, haingii kwake hata kwa dirisha.

"Si kwa ubaya, Verna. Ila baba yako mdogo Orval anaongea na nyumbu wake wa kulima."

"Anamsalimia tu, mama."

Wiki nzima sikula vizuri. Dewey nilimpenda kweli, na Orval kuacha salamu zake haiwezekani.

Siku ilipofika, familia zote mbili zilikwenda kupimwa. Sisi tulikwenda kama tulivyoamka. Bi Holcomb, ambaye ng'ombe wake hushinda kila mwaka, alimwandaa Dewey vilevile anavyowaandaa wao: alimlambisha chumvi apate kiu, kisha akamnywesha ndoo ya maji, ajae, apendeze kwenye mizani. Naye akanywa yake, maana cheti ni cha familia.

Kwenye mizani waling'ara. Balaa likaja kwenye maswali ya akili.

"Nane na tano ni ngapi?" daktari aliuliza.

"Daktari, choo kiko wapi?" alijibu Dewey, amebana miguu.

"Nitajie marais watatu."

Dewey alimtaja mmoja, akatoka mbio. Mama yake, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alimpita mlangoni.

Daktari akaandika: hawatulii, akili haba. Daraja C. Sisi tukapata A, na Orval akaongoza banda zima, kwa kuwa daktari naye alifuga nyumbu na walipiga soga nusu saa.

Kesho yake Bi Holcomb akaja kwetu na pai ya pichi. Alikaa ukingoni mwa kiti, macho chini. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

"Verna mwanangu, karatasi ni karatasi tu, au sio?"

Kabla sijajibu, Orval alimeza pai yake. "Dewey tutamchukua," alisema. "Lakini kuna mtu kwenye familia hii hujawahi kumsalimia."

Asubuhi ya harusi, mbele ya wageni wote, Bi Holcomb alisimama uani na kofia yake ya manyoya, akamwinamia nyumbu.

"Habari za asubuhi, bwana," alisema.

Nyumbu akampa mgongo.