Kunde za Mama

Bwana shamba wetu, Edson, alifika kijijini kwetu Mkunya siku ya tatu ya matanga akitabasamu. Alikuwa safarini, hakujua kwamba mama yangu amefariki. Alikuja kuchukua mbegu za kunde alizoahidiwa.

Kunde za mama zilikuwa vurugu tupu: nyekundu, nyeupe, za madoa, ndogo na kubwa, zote ndoo moja. Wenzake walichambua wakabaki na zile nyeupe zinazopendwa sokoni. Yeye alikataa, na kwa ukaidi mama hakuwa na mpinzani. Miaka ikaenda, salfa tunayopuliza kwenye mikorosho ikauchachusha udongo, kunde za majirani zikadumaa na kukauka. Za mama nyingine zilikufa, nyingine zikasimama zikazaa. Edson aling'oa miche michache akatuonyesha mizizi. Udongo ukichacha, alisema, aluminiamu iliyomo huyeyuka na kuunguza mizizi, lakini baadhi ya kunde hizi zimezaliwa na uwezo wa kuivumilia. Hakuwa ameziona kwingine kokote. Alitaka azipande zote, azitenge zile ngumu, kijiji kizima kipate mbegu.

Nilimkaribisha mkekani nikamweleza. Akashika kichwa, akalia kama mtoto wa nyumbani. Tuliponyamaza nikaenda jikoni kumletea ndoo, maana ahadi ya mama nilitaka niitimize mimi. Naye akanifuata anisaidie kuibeba.

Ndoo ilikuwa tupu, imeoshwa, imefudikizwa kichanjani.

"Mama Salmini, kunde zilizokuwa humu ziko wapi?" nikamuuliza jirani yetu aliyekuwa mekoni.

"Tulizipika siku ya mazishi, Mama Flora. Watu walijaa, mboga ikapungua. Mbona hata wewe ulikula?"

Nilikula, ndiyo. Tangu mama akate roho hakuna kilichopita kooni, ila sahani ile niliimaliza nikaomba nyingine. Na huyu jirani ndiye aliyemuuguza mama pamoja nami kule hospitalini Ndanda, akalala chini sakafuni usiku wote ule, wala hakuna aliyemwomba.

Akanitazama usoni, akaacha kuchochea moto.

"Kwani zilikuwa mbegu?"

Nilimsikia Edson nyuma yangu akivuta pumzi.

"Hapana, Mama Salmini," nikasema. "Zilikuwa za kula."

Kisha nikaangua kilio, na wanawake wakaja mbio kunishika, wakinisihi nimwachie Mungu mama yangu.