Kengele ya Mashuuru

...na wimbo ukiisha atalitaja jina au hatalitaja, Saada alijiambia, kidole juu ya kitufe cha maikrofoni, taa nyekundu bado haijawaka, na ng'ambo ya kioo Musau, fundi wa mitambo, anainua vidole viwili, dakika mbili, akimtania, "Mama Zuhra, hiyo hijabu imefinya hedifoni tena, leo utashika stesheni za Dodoma," na Ijumaa nyingine angecheka, leo hapana, leo mbele yake ameketi mjane wa Mashuuru, shuka jekundu, kengele ya ng'ombe mapajani imeshindiliwa nyasi isilie njiani, amekuja hadi Kitengela kwa sababu hii ndiyo redio inayompa Mmaasai maikrofoni mchana kweupe, na mumewe alipigwa risasi kwenye ua wa waya, malisho ya ndani yake yaliuzwa lakini ng'ombe hawajui kuuza, ukame ulipokaza walifuata nyasi walizozoea naye akawafuata, wakamzika siku ile ile, kama sisi, Saada aliwaza, kama sisi kabisa, na asubuhi hii bwana wa ofisi ya leseni kule Kajiado akapiga simu, sauti laini kama ya mkwe, "Mama, hakuna mtu alikufa huko. Kama uko na jina, soma hewani tusikie. Kama hauna, huo ni uchochezi, na leseni yenu iko hapa kwangu inangoja sahihi"... jina analo, mwaka jana marehemu alikaa kiti hiki hiki akaeleza bei ya mafahali, akajitaja mara tatu kwa madaha ili Mashuuru yote isikie, lakini mjane amesema, bila kupandisha sauti, "Ulimjua. Basi usimuite. Kwetu aliyeenda haitwi, na watoto wangu bado ni wadogo," na Saada alitaka kumjibu, mama, asiyetajwa huzikwa mara mbili, aliifungua redio hii ili wasiotajwa watajwe, ndivyo alivyowaambia wafadhili, ndivyo anavyofanya makaburini Kajiado kila Ijumaa, Mola umrehemu mume wangu Idi, Idi, Idi, mwaka wa nne sasa, na jina limelainika ulimini, linateleza, siku hizi linatoka peke yake, bila ule uso, bila lile pengo la jino alilokuwa akilificha kwa kiganja... na mjane huyu hajamtaja mumewe hata mara moja, mbona amejaa chumba kizima... kidole kimoja, Musau anaonyesha, dakika moja, lisome jina, leseni ipone, mjane aondoke na laana aliyopewa na redio yake mwenyewe, au nyamaza, na bwana yule acheke, hakuna jina hakuna maiti... mjane anachomoa nyasi, unyasi kwa unyasi, hana haraka, wa mwisho ukatoka na ulimi wa chuma ukagonga, mara moja tu, sauti nzito, ikaingia hedifoni mpaka mifupani, Musau akainua kichwa, "Mama, ni nini hiyo? Imeingia safi!" na mjane, "Ya dume lake kubwa. Alipiga chuma yake mwenyewe. Hii inajulikana mpaka Kimana, hakuna ingine inalia hivi"... inajulikana, basi walie nayo wanaoijua, waitwe wote waliowahi kuisikia bondeni, waende Kajiado kwa miguu yao, wasimame mlangoni kwa bwana yule, wamwambie nyuma ya kengele hii alitembea mtu, naye atafute jina la kuandika, na leseni inaweza kwenda, anajua, leo hii inaweza kwenda... wimbo haujaisha, taa haijawaka, Musau bado ana kidole hewani, na Saada akaishika shingo ya maikrofoni, akaigeuza kutoka kinywani mwake, taratibu, mpaka ikatazama mapaja ya mjane, na ndani yake dua ya Ijumaa ilianza kama kawaida ikafika penye jina, naye hakulisema, aliliacha mahali pake tu, akangoja, na Idi akaja, kiganja mdomoni, anaficha pengo.