Daftari la Maiti la Sheikh Sultan

Sheikh Sultan alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo nisilomsamehe. Angekuwa mbaya tangu mwanzo tungejihadhari naye.

Mwaka ule wenyeji walipokuja Point, mtaa wetu huku ugenini, na marungu kuwafukuza wageni, alisimama mlangoni mwa jengo letu mikono mitupu mpaka polisi wakafika. Ijumaa yake akahutubia kwamba atakayekaa meza moja na watu wale si mwenzetu. Tulilia. Toka hapo Watanzania wa Point tukamsikiliza yeye kuliko ubalozi.

Yeye ndiye aliyeosha maiti wetu, na yeye ndiye aliyeweka daftari. Wengi wetu karatasi zetu ni za uongo, tulijiandikisha Warundi au Wakongo ili tupate hifadhi. Mume wangu Hemedi, mtu wa Muheza, kwenye karatasi ni Nzeyimana wa Bujumbura. Lakini nani anataka kuzikwa kwa jina la kuazima? Kwa hiyo kila aliyetaka alimwandikia Sheikh jina lake la kweli, la baba yake, kijiji chake na namba ya chumba, ili akifa, kwao wajulishwe.

Kisha wakubwa wa marungu yale wakaanzisha chama, wakavaa suti, wakatafuta mgeni wa kuwasemea. Walimwita Sheikh kwenye ofisi zao za Morningside, mtaa wa matajiri. Alirudi msemaji wa wageni, akataka tumwite Mheshimiwa. Wiki tatu baadaye maafisa wa uhamiaji waligonga milango kumi na minne katika jengo letu, na kila mlango waliita jina la kweli. Waliita, "Hemedi Mbwana." Mjinga wangu yule akaitika.

Nilimfuata Sheikh ofisini kwake Morningside. Hakukana. Alisema chama kilitaka watu wachache ili wengi waachwe, na kwamba siasa si msikiti. Nilitamani kumtemea mate, lakini nilikuja kuomba, nikaomba. Akanipa sharti. Jumapili kutakuwa na mkutano ufukweni South Beach. Ambao hawakuwamo daftarini, watakaojiandikisha kwa majina ya kweli watapewa kadi ya chama ya kuwakinga. Watu walikuwa wanaogopa. Nisimame niwaambie daftari halikutoka mikononi mwake na Hemedi yuko njiani kurudi. Nikifanya hivyo, Jumatatu atamtoa kizuizini.

"Mimi hawaniamini tena," alisema. "Wewe watakuamini."

"Na hao ukiwapeleka nao?"

"Dada Kulthumu, unamtaka mumeo au humtaki?"

Nilisimama. Nilidanganya vizuri, sikujua ninacho kipaji hicho. Nilisema Hemedi amenipigia simu, anakula, anacheka, anarudi. Safu ya pili aliketi Sia, jirani yangu, ambaye mwanangu alipougua alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Alikuwa na kichanga chake cha miezi mitano. Aliniuliza mbele ya watu wote:

"Kulthumu, niandike?"

"Andika."

Akaandika. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Jumatatu Hemedi alipiga simu kweli, kwa namba ya Dar es Salaam. Walikuwa wamempandisha ndege tangu Alhamisi. Nilipokuwa nasimama South Beach kumwokoa, yeye alikuwa na siku tatu kwao. Nilimpigia Sheikh nikamuuliza kama alijua. Alijua.

"Ningekuambia, ungesimama?" akauliza, kwa sauti ile ile ya upole aliyotumia kuwaliwaza wafiwa, akakata.

Nilipaswa kwenda kwa Sia palepale. Niliogopa uso wake, nikajiambia kesho. Kesho nikajiambia kesho tena.

Jumatano walikuja, wakaita jina lake la kweli. Nilitoka hadi kwenye korido nikamkuta katikati ya maafisa wawili, kitenge kimemlegea. Hakunilaumu, kwani hakujua lolote. Alinipa mwanawe.

"Nishikie huyu," alisema. "Sina mwingine wa kumwamini."

Nikampokea.