Nani Anabaki Leo

...na mkono wangu ungekuwa umeshapanda zamani, hilo wanalijua wote, ndiyo maana hakuna anayejisumbua kuinua wake, dada msimamizi amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, amepiga makofi, "Haya jamani, sare za shule bado, nani anabaki leo?" na macho yote yamenigeukia mimi kwenye meza ya kukatia, Jenereta, jina walilonibandika kwa kuwa wengine wakizimika mimi nanguruma, na nikalipenda, Mungu nisamehe, nililipenda kuliko lile alilonipa mama... ila leo mkono umelala juu ya kitambaa kama si wangu, vidole vinawaka na papo hapo vina ganzi, sijui vitu hivyo viwili vinakaaje nyumba moja, jana wembe wa mashine ulipita ukingoni mwa dole gumba wala sikushtuka, nikaja kushtuka baadaye, nikinywa maji... "Mbona kimya, Jenereta, mafuta yameisha?" huyo ni fundi wa vifungo, mdomo wake haujawahi kwenda likizo, wanacheka, nacheka nao... na jana hiyohiyo nikakata rundo zima la mashati, mikono yote ya kushoto, dada anayeshona karibu na dirisha akaja nayo ameikumbatia, akaninong'oneza, "Kaka, watoto hawa wote wana mkono mmoja?" wala hakunitangaza, saa ya chakula akakaa anapekua mabaki ya kitambaa tufidie, na mimba yake ile, miguu imevimba mpaka anavaa ndala za mumewe... mke wangu naye aliniambia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma, "Baba watoto, kazini wanakula nyama, sisi unatuletea mifupa," nikamjibu kazi ni ibada, nikajifunika shuka gubigubi, ibada gani, sala yenyewe naianza nimepiga magoti, nazinduka shingo imepinda, Amina sikuifikia... mwili ni amana, nilifundishwa hivyo tangu mdogo, nami nikadhani amana ni kitu cha kutumia mpaka kiishe... "Jamani, nasubiri," anasema msimamizi, si mtu mbaya, naye ana wakubwa wake wanaomngoja kwenye simu... na dada wa dirishani alipoanguka wiki ile pale kwenye bomba tulimpepea kwa kadibodi, alipofumbua macho nikamuuliza, si ungekwenda nyumbani mapema, dada yangu, akasema, "Ningeanzaje, kaka, na wewe umebaki? Ningeambiwa mtazame Jenereta," nami, Ee Mungu, nikaona ananisifu, nikatembea na neno hilo kifua mbele siku nzima, leo ndiyo kwanza linanigeuzia uso, hakuwa akinisifu, alikuwa akinieleza kilichomwangusha, kumbe mimi ndiye fimbo, wakubwa wananitumia kuwachapa wenzangu nami najiona mchapakazi, kila nilipoinua mkono kuna mtu humu alimeza neno lake, hata huyu wa vifungo anayenitania, kiuno kinamuuma, hujipaka dawa chooni, harufu tunaisikia sote, tunanyamaza... na yule dada wa dirishani hanitazami, anatunga uzi kwenye sindano, analikosa tundu, anaulamba uzi, analikosa tena, anangoja kusikia jioni yake mimi nitamwamulia vipi... nikisema leo siwezi, je, kesho meza hii atapewa mwingine, vijana wa kutafuta kazi wamejaa getini, hofu ipo, sijifanyi shujaa, na mkono unataka kupanda wenyewe kwa mazoea, nimeukandamiza kwa huu mwingine... "Jenereta?" msimamizi ananitabasamia, ana hakika nitabaki... naumwa, dada msimamizi, leo sibaki, ndiyo hayo tu, maneno ambayo hata mtoto angeyasema, yamefika ulimini, bado hayajatoka, Bwana yashike hapohapo, usiyaache yanirudi tumboni, maana msimamizi anavuta pumzi aniulize tena.